Great Big Sea: bendi ya Kanada iliyozaliwa samaki walipokwisha baharini (uzi mrefu)

Mvuvi wa Nyimbo

Wakuu, salaam. Uzi wa Great Big Sea niliouahidi ndio huu, naushusha wote. Vuta kiti.

Kuielewa bendi hii lazima uanze na samaki. Kisiwa cha Newfoundland kiko mashariki kabisa ya Kanada, kimechomoza ndani ya Atlantiki. Kwa karne kadhaa watu waliishi huko kwa kazi moja: kuvua samaki aina ya cod, kumpasua, kumtia chumvi na kumkausha. Walitangulia wavuvi wa kusini-magharibi mwa Uingereza. Meli zao zilipokuwa zikienda msimuni zilipita bandari ya Waterford, Ayalandi, kupakia chakula na vibarua. Msimu ukiisha, wapo vibarua waliobaki. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 17 hadi miaka ya 1830 Waayalandi walizidi kuhamia, na karibu wote walitoka sehemu ndogo tu inayoizunguka Waterford: Wexford, Kilkenny, Tipperary, Cork. Ndiyo maana hadi leo mzee wa vijiji vya kusini mwa St. John's, mji mkuu wa Newfoundland, akifungua mdomo, mtu wa Waterford anaweza kudhani anamsikia jirani yake.

Walikaa kwenye vijiji vidogo ndani ya maghuba, vingi havina barabara, usafiri ni mashua. Newfoundland yenyewe haikuwa sehemu ya Kanada mpaka 1949. Nyimbo zilizofika na Waayalandi na Waingereza zikakwama huko, zikaoana, zikazaa nyingine. Na kila wimbo ulikuwa na kazi yake: wa kuvutia kamba, wa kupitisha usiku wa baridi jikoni, wa kumtania mwenye mashua, wa kuwalilia waliozama.

Sasa njoo 2 Julai 1992. Waziri wa uvuvi wa Kanada, John Crosbie, naye mwenyeji wa Newfoundland, anasimama St. John's na kutangaza kwamba uvuvi wa cod wa kaskazini umesitishwa. Mwaka 1968 peke yake walivuliwa tani zipatazo 800,000, sehemu kubwa na meli za kigeni ambazo ni viwanda vinavyoelea. Kanada ilipojiwekea mpaka wa maili 200 mwaka 1977, meli zake zenyewe zikaendelea kukomba. Kwa tangazo hilo moja watu wapatao 30,000 walikosa kazi. Waliambiwa ni miaka miwili tu. Uvuvi wa kibiashara haukufunguliwa rasmi mpaka Juni 2024, tena kwa tani 18,000.

Miezi minane baada ya tangazo la Crosbie, tarehe 11 Machi 1993, vijana wanne walipanda jukwaani katika Chuo Kikuu cha Memorial, mjini St. John's, kwa mara ya kwanza wakijiita Great Big Sea.

Kijogoo wa Pwani

Mkuu tiririka. Nimeweka kambi.

Bi Hiba

Hapo kwenye 30,000 nimeshtuka. Kijiji kizima mnaamka asubuhi bahari ipo pale pale lakini hamruhusiwi kuigusa. Endelea mkuu.

Mvuvi wa Nyimbo

Asanteni. Naendelea.

Wanne hao ni Alan Doyle, Séan McCann, Bob Hallett na Darrell Power. Doyle ni mtoto wa Petty Harbour, kijiji cha wavuvi jirani kabisa na St. John's. Ameeleza kwamba alipokuwa mdogo alikuwa akikata ndimi za cod gatini na kuziuza apate hela ya matumizi, kazi ya watoto wa pale. Ulimi wa cod ni kitoweo kwao, unapakwa unga na kukaangwa. Wengine watatu walikuwa pamoja chuoni kwenye bendi iliyoitwa Rankin Street.

Vyombo: Doyle anapiga gitaa, bouzouki na mandolini. McCann gitaa, filimbi ya bati na bodhrán, ile ngoma ya Kiayalandi yenye ngozi upande mmoja, unaishika kwa mkono mmoja na kuipiga kwa kijiti. Power besi. Hallett mpe chochote: fidla, kodiani, mandolini, filimbi, konsatina. Na wote wanne wanaimba. Hapo ndipo nguvu yao ilipo. Sikiliza "General Taylor" kwenye albamu yao ya 1997. Ni wimbo wa kazi wa mabaharia uliotokana na vita vya Marekani na Meksiko, na wanaume hawa wanauimba bila chombo hata kimoja, mmoja anaita, wengine wanamwitikia kwa sauti zilizopangwa ngazi kwa ngazi. Usiusikilize kwa spika ya simu, utaupunja. Vaa spika za masikioni.

Albamu ya kwanza, yenye jina la bendi, waliitoa wenyewe mwaka huohuo wa 1993. Humo kuna "I'se the B'y", ambao kule mtoto wa shule ya msingi anaujua, na kuna "Excursion Around the Bay" wa Johnny Burke, mtunzi wa St. John's aliyefariki 1930. Na katikati ya furaha yote hiyo wameuweka "Fisherman's Lament". Huo ni wimbo wao wenyewe: mvuvi anasema baba yake hayupo tena na samaki nao hawapo, walitumiwa vibaya na kusimamiwa vibaya. Fikirini ilivyokuwa kuimba maneno hayo mwaka 1993 katika ukumbi wa St. John's, ambamo nusu ya waliokaa wana baba au mjomba aliyetundika nyavu.

Hili ndilo ninalotaka kulisema katika uzi huu. Wengi wanaisikia Great Big Sea kama bendi ya baa na sherehe. Mimi naisikia kama watu waliofungiwa bahari wakabaki na nyimbo za bahari, wakaamua kuziimba kwa sauti kubwa kuliko zilivyowahi kuimbwa.

Nyangumi Mtulivu

Mkuu nakuheshimu lakini nina swali gumu. Nimepitia nyimbo zao kadhaa leo. "Ordinary Day" ni pop. "Run Runaway" ni wimbo wa Slade, bendi ya roki ya Uingereza. Sasa jadi iko wapi hapo? Bendi ya jadi ya Kiayalandi mimi ninayoijua ni watu wamekaa kwenye viti, wameinamisha vichwa, wanapiga fidla.

Mvuvi wa Nyimbo

Nyangumi, swali lako ni la haki na hata Newfoundland kwenyewe wapo waliolalamika hivyo. Nalijibu kwa urefu kwa sababu naliona ndilo moyo wa jambo.

Chukua wimbo wao "Rant and Roar". Asili yake ni wimbo wa mabaharia wa Kiingereza, "Spanish Ladies", unaotaja vituo vya pwani ya Uingereza kimoja baada ya kingine meli inaporudi nyumbani. Miaka ya 1870 bwana mmoja wa Newfoundland, H. W. LeMessurier, aliuchukua muziki uleule akaujaza wavuvi na wasichana wa Placentia Bay. Vituo vya Uingereza vikatoka, maghuba ya nyumbani yakaingia. Leo hakuna anayesema LeMessurier aliharibu jadi. Wimbo wake ndio jadi. Kwa hiyo kijana wa 1995 akiuongezea gitaa na mwendo wa kasi anafanya alichofanya mzee wa 1875.

Halafu tazama nani aliwatangulia. Ryan's Fancy walikuwa Waayalandi watatu waliohamia St. John's 1971, wakaingia kwenye televisheni na kuwaonyesha watu wa kisiwa kwamba nyimbo za bibi zao zina thamani ya kutazamwa na nchi nzima. Baadaye katikati ya miaka ya 1970 wakaja Figgy Duff, wakiongozwa na Noel Dinn, mpiga ngoma, na mwimbaji Pamela Morgan. Hao walizunguka vijijini wakijifunza kwa wazee, kisha wakazipiga nyimbo hizo kwa dramu na gitaa la umeme. Dinn alifariki 1993, mwaka uleule Great Big Sea walipoanza. Bila Figgy Duff, vijana wangeanzia wapi? Nasema hivi kwa wale wanaodhani kuchanganya na roki kulianza na Doyle na wenzake.

Kuhusu kukaa kwenye viti: hiyo ni namna moja ya kupiga, na ni nzuri. Lakini jikoni kwa Newfoundland muziki ulikuwa wa kuchezea. Sakafu inapigwa miguu mpaka vikombe vinatikisika. Hata pasipokuwa na kodiani wala fidla, mtu aliupiga muziki kwa mdomo, silabi tupu zisizo na maana, haraka haraka, na watu wakacheza. Ukisikia Great Big Sea wakiiendesha "Mari-Mac" kwa kasi inayopanda kila ubeti mpaka ulimi unakaribia kujifunga, umekaribia sana jiko lile.

Nyangumi Mtulivu

Nimekuelewa mkuu. Hapo kwa LeMessurier umenishika.

Shangazi Kodiani

Mimi ni wa Mombasa na nimekulia kwenye taarabu. Nimesoma kodiani nimesimama. Ni hii yetu yenye vibao vya kinanda au ni nyingine?

Mvuvi wa Nyimbo

Shikamoo Shangazi. Ni ya vitufe. Tofauti kubwa ni hii: kwenye kodiani yao ya jadi kitufe kimoja kinatoa noti moja ukivuta na noti nyingine ukisukuma. Mpigaji hubadili mwelekeo wa mkono kila mara, na kule kuvuta na kusukuma ndiko kunakoupa muziki wao mdundo wa kurukaruka. Ya kinanda mnayoipiga kwenye taarabu noti haibadiliki, ndiyo maana inaweza kuburuza sauti ndefu na laini chini ya mwimbaji. Newfoundland kodiani ya vitufe ilikuwa chombo cha kila nyumba: ilikuwa nafuu, ina sauti ya kujaza chumba bila kipaza sauti, na mtu mmoja aliweza kuchezesha harusi nzima.

Shangazi Kodiani

Marahaba mwanangu. Nitaitafuta niisikilize leo usiku.

Mtu wa Nova Scotia

Wakuu, mimi naishi Halifax mwaka wa saba sasa. Niongeze kidogo. Msichanganye Newfoundland na Cape Breton, kisiwa cha huku kwetu Nova Scotia, watu wengi wanazitia kapu moja la "muziki wa Kikelti wa Kanada". Cape Breton kuna Waskoti wa nyanda za juu, lugha yao Kigaeli cha Uskoti, na fidla inaongozana na piano. Huko ndiko walikotoka Rankin Family wa Mabou na Natalie MacMaster. Newfoundland ni Ayalandi na kusini-magharibi mwa Uingereza, kodiani na uimbaji. Ukizoea, unazitofautisha ndani ya sekunde chache.

Na watu wa Newfoundland hapa Halifax ni wengi, walihama kutafuta kazi. Nimeona mtu mzima wa miaka hamsini, fundi wa mabomba, amesimama kwenye ukumbi anaimba kila neno na machozi yanamtoka, na wimbo wenyewe ni wa kuchekesha.

Mvuvi wa Nyimbo

Asante sana mkuu kwa kutenganisha hilo, ni la muhimu.

Hilo la machozi linanipeleka kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote: nyimbo hizi zilifikaje mikononi mwa vijana wa 1993?

Alikuwepo mfanyabiashara wa St. John's, Gerald S. Doyle, aliyekuwa akiuza dawa za madukani kisiwa kizima. Mwaka 1927 alichapisha kijitabu cha nyimbo za Newfoundland, katikati yake matangazo ya dawa zake, akakigawa bure. Yakafuata matoleo ya 1940, 1955, 1966 na 1978. Kijitabu kikaingia majumbani na mashuleni. Kwa hiyo tangazo la dawa likabeba nyimbo ambazo serikali haikuwa imefikiria kuzibeba. Lakini jambo hili lina upande wa pili. Nyimbo zilizopendwa na Gerald Doyle, nyingi za kuchangamka na za kujivunia kisiwa, ndizo zikawa "za taifa", na zile ndefu za huzuni, zile za zamani za asili ya Ayalandi zenye beti ishirini, zikabaki vijijini. Hizo alizifuata Kenneth Peacock, aliyetumwa na jumba la makumbusho la taifa la Kanada kuanzia 1951, akarekodi wazee kijiji kwa kijiji na kuchapisha juzuu tatu mwaka 1965. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Memorial kikaanzisha hifadhi yake ya ngano na lugha.

Kumbukeni na wakati wenyewe. Kati ya 1954 na 1975 serikali ilihamisha vijiji karibu 300, watu wapatao 30,000, kutoka maghubani kwenda miji mikubwa kidogo yenye barabara na shule. Watu wengine walielea na nyumba zao, wakazivuta juu ya maji kwa mashua. Kinasa sauti cha Peacock kilipita katika maghuba hayo wakati yakianza kuhamwa.

Sasa twende 2005. Great Big Sea wakati huo ni bendi kubwa Kanada, wamejaza kumbi, wamepigwa redioni. Kampuni yoyote ingetaka "Ordinary Day" nyingine. Wao wakatoa "The Hard and the Easy", albamu nzima ya nyimbo za jadi za nyumbani, iliyopigwa kama watu waliokaa jikoni. Kwangu hii ndiyo kazi yao bora na sibabaiki kulisema.

Na ndani yake kuna "Tickle Cove Pond", uliotungwa na Mark Walker. Kisa chenyewe: ni majira ya baridi yanayoisha, mtu anasomba kuni akikatisha juu ya barafu ya bwawa pamoja na farasi wake jike, Kit. Anajua barafu inalainika siku hadi siku, lakini njia ni fupi, akajihatarisha. Barafu inapasuka, Kit anatumbukia. Mtu yule anapiga kelele na majirani wanatoka majumbani mbio wakiwa na kamba, na wimbo unawataja kwa majina. Kamba inafungwa kifuani mwa farasi. Hapo mmoja wao, William White, anaomba wimbo wa kuvutia kamba, hakuna muda wa kufikiri, wimbo unatungwa papo hapo, na wanaume wanaitikia na kuvuta mpaka Kit anatoka.

Mnaona kilichofanyika? Ndani ya wimbo kuna wimbo mwingine ukifanya kazi. Farasi anatoka majini kwa sababu watu wamevuta kwa pumzi moja, na pumzi hiyo imepangwa na kiitikio. Nimesoma maelezo mengi ya wasomi kuhusu faida ya nyimbo za kazi, hakuna lililonieleza kama beti hizi. Na bendi hawaupigi kwa mbwembwe. Wanausimulia taratibu, wanakuacha uone barafu.

Bi Hiba

Mkuu nimeusikiliza sasa hivi nikiwa na maneno yake mbele. Nimelia kwa ajili ya farasi. Sikutarajia.

Kijogoo wa Pwani

Kuna wa vita nimekutana nao, "Recruiting Sergeant". Tupe kisa chake.

Mvuvi wa Nyimbo

Kijogoo, huo uko kwenye "Play" ya 1997. Newfoundland iliingia Vita Kuu ya Kwanza ikiwa nchi yenyewe chini ya Uingereza, na kikosi chake. Tarehe 1 Julai 1916, siku ya kwanza ya mapigano ya Somme huko Ufaransa, kikosi hicho kiliamriwa kusonga mbele Beaumont-Hamel. Walitoka wanaume karibu 800. Majina yalipoitwa asubuhi iliyofuata walioitika walikuwa 68. Kwa kisiwa chenye watu wachache vile, msiba uliingia kila ghuba. Mpaka leo 1 Julai Wakanada wengine wanasherehekea siku ya taifa, na Newfoundland asubuhi yake ni ya maombolezo, watu wanavaa ua dogo la bluu.

Wimbo unaanza kwa waandikishaji wawili wanaokuja kuwaita vijana, na muziki wake unachangamka kama gwaride. Usipofuata maneno unaweza kuucheza. Ukiyafuata, miguu inasimama yenyewe.

Kwenye misiba wana pia "The Night Pat Murphy Died", wa kucheka mpaka mbavu ziume: waombolezaji wanatoa barafu iliyowekewa maiti na kupozea bia. Vitu hivi viwili vinakaa kwenye albamu moja na havigombani. Watu wanaoishi na bahari nadhani wanaelewa.

Nyangumi Mtulivu

Je, bado wapo? Naona video nyingi ni za zamani.

Mvuvi wa Nyimbo

Kama bendi, hapana. Power aliondoka 2003 akakaa na familia, wakaingia Murray Foster kwenye besi na Kris MacFarlane kwenye dramu. Mwaka 2013 walifanya ziara kubwa ya miaka 20, na mwisho wa mwaka huo McCann akaondoka. Ameeleza hadharani kwamba aliacha pombe 2011, na sasa anaimba peke yake na kuzungumza na watu wanaopambana na ulevi. Namheshimu sana kwa hilo, maana jina la bendi lilikuwa limefungamana na sherehe, na kutoka ndani ya sherehe ukiwa wewe ndiye mwenye ngoma ni kazi ngumu. Alan Doyle anaendelea na bendi yake mwenyewe na vitabu vyake. Wengine mtakuwa mmemwona bila kumjua: aliigiza na Russell Crowe kwenye filamu ya Robin Hood ya 2010, yeye ni yule mwimbaji.

Shangazi Kodiani

Mwanangu, nipe mpangilio. Mtu mgeni aanze wapi?

Mvuvi wa Nyimbo

Shangazi, kwa masikio yako ya taarabu usianzie kwenye nyimbo za redio. Anza na "The Hard and the Easy" yote, kwa utulivu, kodiani utaikuta humo. Kisha "General Taylor". Kisha albamu ya 1993, ukifika "Fisherman's Lament" irudie. Baada ya hapo ndipo uchukue "Road Rage" ya 2000, iliyorekodiwa kwenye maonyesho yao, usikie ukumbi unavyowaitikia. Mwishowe rudi nyuma kwa Figgy Duff, umsikilize Pamela Morgan. Sauti ile haina mfano kisiwani.